Mkaa wa mifupa kwa bomba badala ya pipa: shajara ya tanuri letu, Usa River

12 Januari

Leo tumekubaliana kwamba pipa halichomi tena. Tumelipeleka nyuma ya banda na kuligeuza juu chini lisijae maji. Mfuniko wake uliopinda nimeutundika ukutani, karibu na mlango, kila anayeingia kazini auone kwanza.

Kwa asiyeijua kazi yetu: tunachukua mifupa ya ng'ombe, tunaichoma bila hewa mpaka iwe mkaa, tunaivunja chengachenga, kisha tunajaza kwenye ndoo za kuchujia maji. Huku chini ya Mlima Meru maji yana floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Kuanzia Maji ya Chai mpaka hapa kwetu, mtoto akicheka unajua amekulia maji ya wapi. Meno yana madoa ya kahawia, na wapo ambao miguu nayo imepinda. Shirika la Afya Duniani linataka floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania ilivumilia mpaka 4 kwa miaka mingi, kisha nayo ikashusha hadi 1.5. Kisima tunachochota sisi kilipimwa kikakutwa na 6.2.

Mfupa uliochomwa vizuri huinasa floraidi kwa sababu ya madini yaliyomo ndani yake, haidroksiapataiti. Madini hayo huachia sehemu yake iitwayo haidroksili na kuishika floraidi mahali pake. Jambo hili si letu. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapa jirani, kimelifanyia kazi muda mrefu, na tulichojifunza kuhusu rangi ya mfupa na joto lake kinatokana na kazi ya namna hiyo. Kilichotusumbua sisi ni uchomaji wenyewe.

Pipa la kilo 40 likiwekwa motoni, kwa saa mbili za kwanza linatoa mvuke tu. Baadaye mifupa yote inafika nyuzi mia tatu na kitu kwa wakati mmoja, protini iliyomo inavunjika, na gesi inakuja kwa mkupuo. Ndani yake kuna kaboni monoksidi, amonia, lami yenye harufu inayoshika kooni, na kwa kuwa protini ina naitrojeni, kuna pia haidrojeni sayanidi, nayo ni sumu kali. Mwezi wa Novemba gesi ilizidi tundu la kutokea. Mfuniko uliruka na ulimi wa moto ukafika kwenye bati. Mdogo wangu alikuwa ameinama anachota maganda ya kahawa ya kuchochea. Nywele za kisogoni ziliungua, ngozi ikasalimika. Jioni ile mama alimpaka mafuta kichwani bila kusema neno, na mimi sikuweza kumtazama machoni.

20 Januari

Wiki nzima nimekaa na daftari, na hesabu iliyobadilisha mambo ina mstari mmoja tu. Mzigo ulio motoni kwa wakati wowote ni kasi ya kulisha mara muda unaokaa ndani. Tukiachana na pipa na kulisha kilo 4 kwa saa kwenye bomba, na kila kipande kikakaa kwenye joto kwa saa moja, basi motoni hakuna zaidi ya kilo 4. Pipa lilikuwa na 40. Tena hizo kilo 4 hazifiki kwenye joto la hatari kwa pamoja: kipande kimoja kinakauka, cha mbele yake kinatoa gesi, kilichotangulia kimeshamaliza. Gesi inatoka kidogo kidogo mchana kutwa, na moto mdogo unaweza kuila yote jinsi inavyotoka.

Nimeandika pia, kwa wino mwekundu, kwamba mfululizo, yaani kulisha kidogo kidogo bila kukoma, peke yake si kinga. Tarehe 1 Juni 1974, kiwanda cha Flixborough, Uingereza, kililipuka na kuua watu 28. Kile nacho kilikuwa cha mfululizo: matangi yamepangwa safu, sikloheksani, kimiminika kinachowaka kwa urahisi, inatiririka kutoka moja kwenda jingine ikipulizwa hewa kwenye nyuzi 155 hivi na shinikizo kubwa. Tangi moja lilipata ufa, likaondolewa, na pengo likaungwa kwa bomba la muda ambalo halikufanyiwa hesabu ya kutosha. Bomba lile likaachia. Kwa vile sehemu ndogo tu ya sikloheksani ndiyo iligeuka katika kila mzunguko, matangi yalibeba tani nyingi mno za kitu cha moto kinachowaka, na baada ya kutoka hapakuwa na wa kukirudisha. Baada ya hapo Trevor Kletz, mhandisi Mwingereza, alisisitiza jambo ambalo nalirudia kwa wenzangu kila siku: kitu usichokuwa nacho hakiwezi kukuvujia. Kwetu lina maana kwamba, kabla hatujazungumzia kasi ya mtambo, tuulize una mzigo kiasi gani tumboni.

Na bomba la muda hatutaweka, hata kwa siku moja.

3 Februari

Unga Limited, mtaa wa viwanda mjini Arusha, tangu asubuhi. Tumepata bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita 150 na urefu wa mita 1.8. Mita 1.2 za katikati zitakaa motoni. Nilikuwa nimechora mkanda wa kusukuma mifupa, na fundi wa kuchomelea alipoutazama akatikisa kichwa.

"Dada, mkanda gani utavumilia moto huo? Wewe si umewahi kuona mashine ya kusaga nyama? Weka skrubu."

Alikuwa sahihi. Skrubu ameitengeneza kwa bamba la stenlesi, mabawa yamepishana milimita 75, kwa hiyo mizunguko 16 inatosha kuvusha mfupa kwenye sehemu ya moto yote. Mota ya gia tuliyopata inazunguka mara 4 kwa dakika, ambayo ni kasi kupita kiasi. Tumeifunga kwenye taima: inawaka sekunde 4 kila dakika, kisha inapumzika. Kwa saa moja inakuwa mizunguko 16. Nilifurahi mpaka fundi akacheka, kwa sababu nilipiga hesabu ileile mara tatu kwenye ganda la boksi.

Jambo moja nililomwomba asilibadilishe: bomba lifungwe kwa bolti upande mmoja tu, upande wa pili ukae wazi kwenye kitako chake. Chuma kikifika nyuzi 450 kinarefuka, na kwa urefu wetu ni karibu milimita 6. Ukikibana pande zote mbili kitapinda, skrubu itakwama, na mfupa utabaki ndani ya moto.

17 Februari

Tanuri limesimama. Matofali ya kuchoma, udongo wa mfinyanzi, bomba limelala juu, chumba cha moto chini yake. Tunachochea kwa maganda ya kahawa. Gesi ya mifupa inatoka kwenye bomba kwa kishingo kifupi na kuingia moja kwa moja kwenye chumba hicho, ambamo ulimi mdogo wa moto wa mtungi wa gesi unawaka muda wote. Humo tunataka joto lipite nyuzi 850, kwa sababu chini ya hapo harufu inapita bila kuungua, na penye harufu kuna na visivyonukia. Kaboni monoksidi inaua, nayo haina harufu kabisa.

Tumebishana saa nzima kuhusu feni. Mdogo wangu alitaka feni ya kupuliza hewa, moto uwe mkali. Mimi nimekataa. Feni inategemea umeme, na umeme ukikatika nataka moshi uendelee kupanda wenyewe. Tumejenga bomba la moshi la mita 5, linavuta bila msaada wa mtu.

Ubishi wa pili ulikuwa mgumu zaidi, na sidhani kama una jibu lisilo na gharama. Bomba la moshi likivuta sana, ndani ya bomba la mifupa panakuwa na mvuto, na penye tundu hewa inaingia. Hewa ikiingia, mkaa unaungua na mfupa unakuwa mweupe, hauna faida. Likivuta kidogo, ndani panakuwa na msukumo, na penye tundu gesi inatoka kuja puani kwa mchomaji. Tumeamua tuvute. Mfupa mweupe tutautupa, mapafu ya mtu hatuna pengine pa kuyanunua. Kengele ya kaboni monoksidi nimeifunga usawa wa kichwa cha anayelisha, imewekwa ilie ikifika sehemu 35 kwa milioni.

2 Machi

Jaribio la baridi, bila moto. Mifupa ilikwama dakika ya kumi. Kipande kirefu cha paja kilijibana kati ya bawa na ukuta, mota ikanguruma, nikazima. Tumerudi kuivunja kwa nyundo mpaka vipande visizidi urefu wa kidole gumba, kisha tukaipitisha kwenye wavu. Mara ya pili ilipita yote.

Milango ya kulishia ni miwili, mmoja juu ya mwingine. Unafungua wa juu, unamwaga, unafunga, ndipo unafungua wa chini. Sheria ni moja, na fundi ameitia kwenye chuma chenyewe kwa kuunganisha mikono yake: ukifungua mmoja, mwingine hauwezi kufunguka.

9 Machi

Moto wa kwanza.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliwasha, bomba likiwa tupu. Nina vipimajoto vitatu vya waya, aina ya K inayovumilia joto kali: mwanzo, katikati na mwisho wa sehemu ya moto. Ilichukua saa mbili na nusu katikati kufika 450. Nikamwaga kopo la kwanza na kukaa chini kusubiri, saa moja ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa.

Kwenye mdomo wa kutokea kuna bomba lingine lililozungukwa na maji, kwa sababu mkaa wa moto ukikutana na hewa unaanza kuungua upya. Unatakiwa utoke ukiwa wa kushikika. Kipande cha kwanza kilianguka kwenye sinia kwa sauti kama ya kigae. Nilikiokota kwa glavu, nikakivunja. Nje kilikuwa cheusi, ndani kilikuwa na mstari wa kahawia mwembamba kama uzi. Kahawia maana yake protini haijaisha, na maji yatakayopita hapo yatanuka mfupa. Kipande cha pili vilevile. Nikaongeza joto mpaka 470, nikasubiri, na kilichotoka baada ya dakika arobaini kilikuwa cheusi mpaka kwenye kiini, kikavu, kinaacha unga mweusi kidoleni, hakina harufu. Nilikiweka ulimini. Kinashika ulimi, kama udongo mkavu unavyoshika.

Nimeandika ukutani kwa chaki: kahawia, bado; nyeusi, sawa; kijivu au nyeupe, moto au hewa imezidi. Ukipita sana nyuzi 500, na hasa ukifika 600, mfupa unapoteza uwezo wa kunasa floraidi hata kama kwa macho unapendeza.

Mzee jirani, ambaye mwaka jana alikuja mara mbili kulalamikia harufu ya pipa, na alikuwa na haki, alisimama uani mchana. "Mnachoma leo?" Nikamwambia shikamoo, ndiyo, tangu asubuhi. Akaitazama ncha ya bomba la moshi muda mrefu, kisha akaenda zake.

16 Machi

Kengele imelia leo saa nane na dakika kumi.

Mifupa ya wiki hii ilitoka buchani ikiwa na uboho, na dada anayeichemsha alikuwa ameugua, tukaichemsha haraka haraka. Mafuta yalibaki. Gesi ikawa nzito, lami ikaganda kwenye kishingo cha gesi, tundu likapungua kama koo lenye uvimbe. Mvuto ukageuka msukumo. Moshi wa manjano ukaanza kutoka kwenye mlango wa kulishia, na kabla sijaunusa vizuri kengele ikalia.

Tulifanya tulivyokuwa tumepanga. Wote nje, mlango wa banda wazi, hakuna anayerudi kuchukua kitu. Moto wa maganda ulikuwa na droo ya kuvuta kutokea nje, mdogo wangu akaivuta. Tukakaa chini ya mparachichi tukitazama. Baada ya nusu saa moshi uliisha wenyewe, kwa sababu ndani mlikuwa na kilo 4 tu, na nusu yake zilikwisha kutoa gesi. Nilikumbuka Novemba, nikaona mikono yangu inatetemeka.

Lililobadilika: kishingo kimefupishwa hadi sentimita 20, kimefunikwa matofali ili kibaki cha moto na lami isipate pa kugandia, na kina kizibo cha kuingizia fimbo ya kusafishia tanuri likiwa limepoa. Mifupa sasa inachemshwa saa tatu, inaanikwa siku mbili, na kipande kinachoacha doa la mafuta kwenye karatasi kinarudi sufuriani.

30 Machi

Masika. Mifupa haikauki. Mvuke mwingi unashusha joto la mwanzo wa bomba, kipimajoto cha kwanza kinasoma 180 badala ya 260. Tumetandaza mifupa kwenye bati juu ya tanuri, joto linalopotea linaikausha. Hakuna la zaidi wiki hii.

11 Aprili

Umeme umekatika saa tano kasoro, katikati ya uchomaji. Hili ndilo nililokuwa naliogopa kuliko yote, kwa sababu mtambo wa mfululizo una udhaifu wake hapo: pipa lisipoguswa linamaliza lenyewe, lakini bomba likisimama, kilichomo kinaendelea kupikwa pale pale kilipo.

Kwa hiyo naandika kila hatua kama ilivyokuwa. Mlango wa kulishia ukafungwa na kufuli. Droo ya maganda ikavutwa. Ulimi wa moto wa mtungi tuliuacha uwake, maana mifupa iliyokuwa ndani bado ilikuwa inatoa gesi na gesi ilihitaji pa kuungulia. Mtu akizima moto wote kwa hofu, gesi itapita mbichi. Bomba la moshi liliendelea kuvuta. Kisha tukachomeka mpini wa chuma kwenye ncha ya skrubu, ambao fundi aliutengeneza bila hata kuombwa, na tukaanza kuzungusha kwa mkono, mzunguko mmoja kila dakika nne kasoro kidogo. Mdogo wangu alishika saa, mimi nilishika mpini. Mizunguko 16, saa moja. Mkaa ukatoka wote. Mwishoni ulikuwa na ukahawia kidogo kwa sababu joto lilishuka, tukautenga urudishwe kesho.

Umeme ulirudi saa tisa. Hatukuwasha tena.

27 Aprili

Ndoo ya kwanza. Mkaa umechekechwa, vumbi limetolewa, umeoshwa mara saba mpaka maji yakatoka meupe. Maji ya kisima yaliingia na 6.2. Nilipeleka chupa ya yaliyotoka kwenye maabara ya maji mjini, nikasubiri siku nne. Jibu ni 0.5.

Wanawake wawili wa mtaa waliuliza swali ambalo nililitarajia: mifupa ya mnyama gani? Niliwaonyesha daftari la machinjio. Ni ng'ombe tu, waliochinjwa kihalali na kukaguliwa na daktari wa mifugo, na hatupokei gunia lisilojulikana lilikotoka. Mmoja alikuwa Mwislamu, mwingine Mlutheri, na wote walitaka kusikia jibu lilelile. Swali hilo ni haki ya kila anayekunywa, kwa hiyo daftari sasa linakaa mezani mbele, si kabatini.

18 Mei

Wiki kumi tangu moto wa kwanza. Kwa siku ya saa sita tunalisha kilo 24 na kupata mkaa kilo 15 hivi. Pipa lilitoa zaidi kwa siku moja, hilo ni kweli, ila robo ya mkaa wake ilikuwa ya kutupwa, nyeupe juu na kahawia katikati. Wapo wanaotushauri tuongeze bomba liwe pana, tufike kilo 20 kwa saa. Nimekataa. Tukihitaji mkaa zaidi tutajenga bomba la pili lenye ukubwa uleule, pembeni, na mlango wake na kengele yake, ili mzigo wa kila moja ubaki kilo 4.

Jana tulizima, tukaacha lipoe usiku kucha, na asubuhi hii tumechomoa skrubu yote kwa mara ya kwanza. Mabawa ya stenlesi yamebadilika rangi kuwa buluu na zambarau lakini hayajapinda. Bomba la chuma la kawaida ndilo lililoliwa: kwa ndani, upande wa juu, linabanduka magamba membamba. Fundi alilipima kwa kalipa, milimita 6 zimekuwa 5.4 mahali penye joto kali. Tumekubaliana likifika 4 linatoka, hata kama halijatoboka. Nimeandika namba hiyo kwa rangi nyeupe kwenye tofali la kwanza, chini ya mfuniko wa pipa, pamoja na tarehe ya kupima tena: 18 Julai.